Shahada ya sayansi ya neva Marekani: Kozi za lazima na nafasi ya mshauri wa masomo

WANAFUNZI wa Kenya wanaojiunga na vyuo vikuu vya Marekani kusomea sayansi ya neva hukumbana na jambo ambalo hawakulizoea nyumbani: hakuna anayewapangia kozi.

Hapa nchini, aliyeteuliwa kusomea shahada fulani hukabidhiwa orodha ya kozi za kila mwaka. Marekani, katika vyuo vingi, mwanafunzi huingia bila kufungwa na taaluma yoyote, huchagua kozi mwenyewe kila muhula na kutangaza taaluma yake kuu baadaye. Kosa la muhula wa kwanza laweza kugunduliwa mwaka wa nne, wakati ambapo karo ya muhula wa ziada haina wa kuilipa.

Taaluma yenyewe

Sayansi ya neva huchunguza ubongo, uti wa mgongo na neva zilizoenea mwilini, na jinsi viungo hivyo vinavyozaa hisia, kumbukumbu, mwendo na tabia. Huunganisha biolojia, kemia, fizikia, hisabati na saikolojia.

Ikilinganishwa na masomo hayo, taaluma hii ni changa. Chama cha wanasayansi wa neva cha Marekani, Society for Neuroscience, kiliundwa 1969. Chuo cha Amherst, jimboni Massachusetts, kilianzisha programu yake ya shahada ya kwanza 1973, kikiwa miongoni mwa vya kwanza kufanya hivyo.

Kwa sababu hiyo, haina makao mamoja. Katika baadhi ya vyuo imo ndani ya idara ya biolojia, kwingine saikolojia, na kwingine huendeshwa na idara kadhaa kwa pamoja. Masharti nayo hutofautiana, na ushauri wa rafiki aliye chuo kingine waweza kumpotosha mtu.

Kozi zinazohitajika

Hata hivyo, programu nyingi hufuata ngazi nne. Ya kwanza ni kozi tangulizi: biolojia, kemia ya msingi, hisabati ya kalkulasi, takwimu, utangulizi wa saikolojia na, aghalabu, fizikia.

Ya pili ni kozi za kiini, zinazoeleza jinsi chembe za neva zinavyopitisha ishara na jinsi mifumo ya ubongo inavyoongoza tabia, pamoja na mazoezi ya maabara. Ya tatu ni kozi za hiari, mathalani magonjwa ya ubongo, lugha, usingizi au athari za dawa.

Ya nne ni kazi ya kuhitimisha: semina ya mwaka wa mwisho au utafiti unaoandikiwa tasnifu. Anayelenga tasnifu hangoji mwaka wa nne ndipo atafute maabara. Humwendea profesa mapema, katika mwaka wa pili au wa tatu, kwa kuwa nafasi ni chache.

Mnyororo wa kemia

Penye hatari kubwa ni mfuatano wa kozi. Kemia ya msingi huchukua mihula miwili, kemia ya kaboni mihula miwili, kisha biokemia muhula mmoja. Jumla ni mihula mitano inayofuatana.

Anayeanza muhula wa kwanza humaliza mnyororo huo katikati ya mwaka wa tatu. Anayeahirisha hadi mwaka wa pili humaliza muhula wa saba, akiwa amebakiza muhula mmoja tu. Na kwa vile baadhi ya kozi hufundishwa mara moja kwa mwaka, akianguka katika moja huenda akasubiri mwaka mzima.

Si kila programu hudai mnyororo wote. Lakini mwanafunzi asiyejua iwapo wake wadai, na akaamua kupumzika kutoka kemia, amejiwekea mtego.

Ajihadhari pia na alama. Mara nyingi alama ya D hutosha kuhesabiwa katika jumla ya shahada, ilhali taaluma kuu hudai C au zaidi. Kozi iliyopita kwa D yaweza basi kulazimu kurudiwa.

Krediti na viza

Uzito wa kozi hupimwa kwa krediti. Katika vyuo vingi vya mihula miwili kwa mwaka, shahada huhitaji krediti 120, yaani wastani wa 15 kila muhula kwa mihula minane.

Mwenye viza ya F-1 anayesomea shahada ya kwanza hutakiwa kusajili angalau krediti 12 kila muhula. Wengi huchukulia kiwango hicho kuwa kinatosha. Piga hesabu: 12 mara nane ni 96. Aliyeshikilia kima cha chini cha viza hukamilisha miaka minne akiwa na upungufu wa krediti 24.

Aidha, kuacha kozi katikati ya muhula na kushuka chini ya 12 bila idhini ya awali ya afisa wa wanafunzi wa kigeni huhatarisha ukaazi wenyewe. Vivyo hivyo kufanya kazi ndani ya chuo kupita saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea.

Washauri ni watatu

Mgeni hudhani mshauri ni mmoja. Kwa kweli ni watu watatu wenye kazi tofauti.

Mshauri wa masomo husaidia kuchagua kozi. Mwaka wa kwanza aweza kuwa mhadhiri wa somo lolote. Baada ya kutangaza taaluma, mwanafunzi hupewa mshauri wa idara. Muda wa kutangaza hutofautiana: vyuo vingi hutoa nafasi hadi mwisho wa mwaka wa pili, Harvard katikati ya mwaka wa pili, na MIT mwishoni mwa mwaka wa kwanza.

Afisa wa wanafunzi wa kigeni hushughulikia viza. Mshauri wa taaluma za afya huwaongoza wanaolenga udaktari. Anayetaka kuacha kozi ya kemia huenda akahitaji kuwaona wote watatu, kwani mmoja aweza kuruhusu jambo ambalo kwa mwingine lina madhara.

Mshauri hushauri, hawajibiki mwanafunzi asipohitimu. Kwa hivyo mwanafunzi aweke kitabu cha masharti cha mwaka alioingia, maana kwa kawaida ndicho kinachomhusu, aombe ripoti ya kozi alizobakiza kila muhula, na kila msamaha wa kozi aupate kwa maandishi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Si shahada ya udaktari

Wazazi wengi hukosea hapa. Kenya, udaktari ni shahada ya kwanza inayoanzwa baada ya KCSE. Marekani, mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, kisha hufanya mtihani wa MCAT na kuomba chuo cha tiba.

Sayansi ya neva huandaa vyema kwa mtihani huo, hasa baada ya sehemu ya saikolojia na jamii kuongezwa mwaka wa 2015. Lakini vyuo vingi vya tiba vya huko havipokei wasio raia wala wakaazi wa kudumu. Na arejeapo nyumbani na shahada hii pekee, hawezi kusajiliwa kuwa daktari.

Kuna njia nyingine: uzamili, uzamifu na utafiti. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome wamechunguza kwa miaka mingi kifafa na athari za malaria katika ubongo wa watoto. Kazi ya namna hiyo huhitaji wanasayansi wa neva, si madaktari pekee.

Mzazi anayetaka kumwona mwanawe akivaa koti la daktari wa Kenya basi amuulize swali hilo kabla ya kulipia tikiti ya ndege. Na mwanafunzi aliyekwisha kufika aanze kwa kuuliza, wiki ya kwanza, kemia inaanza lini.