Storm ana mama Mkenya, sinema imemsahau

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel iliwaleta wasomaji wake wa vitabu vya katuni hadi Kenya. Katika toleo lililofufua kundi la X-Men, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, Profesa Xavier anasafiri hadi nyikani kumtafuta mwanamke anayeita mvua na kuituliza. Wenyeji wanamwabudu kama mungu. Anaitwa Ororo Munroe, au Storm. Hadithi zilizofuata zilimpa ukoo: babake Mmarekani mweusi, mamake N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya. Nywele nyeupe, macho ya buluu, ngozi nyeusi.

Msomaji wa Mwello, Busia au Tororo hahitaji kufundishwa habari za waleta mvua. Mwendo mfupi kutoka mpaka huu wa Kenya na Uganda, huko Bunyore, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa kazi hiyo vizazi na vizazi. Wao hawarushi radi kwa vidole. Wanatazama miti inavyochanua kwenye misitu yao mitakatifu, wanawasikiliza ndege, wanaangalia wadudu na upepo, kisha wanawaambia watu wapande lini. Wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya wamekaa nao wakalinganisha utabiri. Wachoraji wa New York walichukua mvua wakamwacha mwenye elimu yake, na nadhani hapo ndipo kasoro ilipoanzia, miaka mingi kabla ya kamera kuwashwa.

Wala si kwamba eneo hili halikuwa na mashujaa. Tangu miaka ya sitini jarida la African Film, la wachapishaji wa jarida la Drum, lilisomwa Kenya, Uganda na Tanzania. Hadithi zake zilikuwa za picha za kamera, na maneno yamebandikwa juu yake. Shujaa wake, mpelelezi Lance Spearman, aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini: kofia ya panama kichwani, tai ya kipepeo shingoni, sigara nene mdomoni. Mpelelezi mweusi, majambazi weusi, warembo weusi, jiji zima la watu weusi. Vijana walipokezana nakala moja hadi ikachanika. Hakuna aliyeuliza kama mtu mweusi anaweza kuwa steringi.

Kisha sinema ikamchukua Storm. Mwaka 2000 filamu ya kwanza ya X-Men ilimpa nafasi hiyo Halle Berry, mzaliwa wa Cleveland, ambaye mamake ni Mzungu. Alijaribu lafudhi ya Kiafrika. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2003, ile lafudhi ilikuwa imetoweka, na Kenya ikatoweka nayo. Mwaka 2016 alifuata Alexandra Shipp, Mmarekani mwingine wa rangi ya maji ya kunde. Mashabiki wakauliza waziwazi: kwa nini mwanamke aliyechorwa mweusi ti anapewa kila mara mwigizaji mweupe kuliko yeye? Shipp alijibu hadharani kwamba weusi wake haupaswi kupimwa. Hana kosa, hakujichagua. Waliochagua ndio wanaodaiwa jibu.

Upande wa pili kulikuwa na kelele nyingine. Idris Elba alipoigiza Heimdall, mlinzi wa miungu wa Ulaya Kaskazini, katika filamu ya Thor ya mwaka 2011, kikundi cha Wamarekani weupe kiliitisha mgomo. Michael B. Jordan naye alitukanwa kwa kuigiza katika Fantastic Four mwaka 2015. Wapo wanaosema malalamiko haya yote ni yale yale. Mimi sikubali. Kumpa Elba nafasi moja hakuwapunguzii Wazungu mashujaa. Wamejaa kila rafu. Storm alikuwa na majirani wachache mno.

Ndiyo maana filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ilipokelewa kama arusi. Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, ni Mjaluo, na Jopadhola wa Tororo na Wajaluo ni ndugu wa damu na wa lugha, kwa hiyo huku alionekana mtoto wa nyumbani. Florence Kasumba, Ayo wa kikosi cha walinzi wa mfalme, alizaliwa Kampala. Daniel Kaluuya alizaliwa London na wazazi Waganda. Misitu ya Bwindi na milima ya Rwenzori ilipigwa picha kutoka angani ili iwe sura ya Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, ingawa sehemu kubwa ya filamu ilitengenezwa Atlanta, na lugha ya Wakanda ikawa Kixhosa. Kisumu ilipata onyesho lake la uzinduzi.

Lakini vibanda vya video vya mpakani vilikuwa vimeshaanza kuzigeuza filamu kabla ya hapo. Nchini Uganda mfasiri, anayeitwa VJ, alikaa ukumbini na maikrofoni, akapunguza sauti ya filamu na kusimulia kwa Kiganda, akiongeza utani, majina ya mitaa na maonyo kwa adui. Baadaye sauti hizo zikarekodiwa kwenye diski. VJ Jingo alijulikana kote. Kenya ilikuwa na DJ Afro na Kiswahili chake cha kasi, Tanzania ikawa na Lufufu. Busia husikia pande zote mbili. Sura ilibaki ya Hollywood, ila aliyeamua shujaa ana akili gani, na anamwogopa nani, alikuwa mtu wa hapa.

Tangu Disney, mmiliki wa Marvel, iliponunua Fox, watengenezaji wa filamu za X-Men, mwaka 2019, X-Men wa sinema wamo mikononi mwa Marvel tena, na Storm atahitaji sura mpya. Nairobi na Kampala zina kumbi za maigizo, na zina waigizaji wanawake weusi wanaozungumza lugha ambazo N'Daré angezisikia utotoni. Wachague huku.