Pua na Maji: Jinsi Wasafiri wa Majini Walivyopigana na Harufu Mbaya

Katika vijitabu vya desturi tumezoea kuandika juu ya mahari, matanga, ngoma na majina ya watoto. Mara hii tuzungumze juu ya kitu ambacho kila nyumba inacho na hakuna anayekiandikia: chombo cha maji ya kunywa, na ile harufu yake.

Sisi wa Lubarika tuko katika tambarare ya Ruzizi, hatuko ufukoni. Lakini mto ule unaotoka ziwa Kivu unapita katika tambarare yetu na kwenda kumwagika Tanganyika, na watu wetu vilevile hushuka Uvira kupanda boti za kwenda Baraka, Kalemie ao Kigoma. Aliyesafiri hivyo analijua bidoni la njano lililokaa juani siku mbili. Ukilifungua, pua inasema kabla ya mdomo.

Zamani msafiri wa ziwa hakuwa na taabu hiyo. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, na vilevile Livingstone na Stanley walipofika mlango wa Ruzizi mwezi wa Novemba 1871 na kuona kwa macho kwamba mto unaingia ziwani wala hautoki, maji ya kunywa yalikuwa pande zote za mtumbwi. Unainama, unachota kwa kibuyu, basi. Ziwa ndilo lilikuwa pipa.

Na ni pipa la ajabu. Tanganyika ina kina cha mita karibu 1,470, lakini hewa ya oksijeni inapatikana katika tabaka la juu tu. Ukipita mita 200 hivi kwenda chini, samaki hawaishi, na maji yana hidrojeni salfidi, yaani ile hewa inayonuka kama mayai viza. Kumbe chini ya maji yanayong'aa kama kioo kuna tangi kubwa lililofungwa, na linanuka kwa sababu ileile inayonukisha tangi la boti: mahali pasipo na hewa, kuna bakteria wanaotumia salfeti iliyo ndani ya maji, na wanachotoa ni uvundo huo.

Pwani ya bahari mambo ni mengine, kwa maana huko mtu anaweza kufa na kiu katikati ya maji. Majahazi makubwa ya Uarabuni yaliyokuja Zanzibar na pepo za kaskazi, kama lile la Kuwait ambalo Mwaustralia Alan Villiers alisafiri nalo mwaka 1939, yalibeba maji yao katika matangi ya mbao. Mbao ikikaa na maji inatoa ladha, inaota utelezi, na mwisho inanuka. Nyumbani watu wa pwani na wa Uarabuni walikuwa na dawa yao: mtungi ulioshwa, ukaanikwa, kisha ukafunikwa juu ya chetezo chenye ubani mpaka moshi uingie katika udongo. Maji yaliyotiwa humo yalipata harufu tamu, na mgeni aliyepewa kata ya maji hayo alijua kwamba amepokelewa vizuri.

Wafugaji wa nchi zetu za Maziwa Makuu wana elimu inayofanana na hiyo, ila wao huitumia kwa maziwa. Kibuyu kinasuguliwa, kinakaushwa, kinafukizwa kwa moshi wa majani ao miti iliyochaguliwa. Wengine hudhani ni mapambo ya harufu tu. Hapana. Moshi unaacha vitu vinavyozuia vijidudu kuongezeka haraka katika utando wa ndani, na kule kukausha peke yake ni nusu ya kazi. Mimi naona mabibi zetu walistahili kuitwa wataalamu, hata kama hawakuandika kitu.

Wazungu nao walinywa maji yaliyooza kwa miaka mingi. Mabaharia wao walibeba maji katika mapipa ya mbao, na safari ikiwa ndefu maji yalivunda mpaka mtu akaziba pua ili anywe. Mwaka 1785 mkemia Lowitz, huko Saint Petersburg, alitambua kwamba makala hunyonya rangi na harufu, na baadaye akaonyesha kwamba hata maji yaliyovunda yanaweza kutengenezwa kwa makala. Wengine wakaunguza mapipa kwa ndani ili mbao yenyewe iwe makala. Katika karne ya 19 matangi ya chuma yakachukua nafasi ya mapipa. Kwetu chuma kilikuja na meli kama ile Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande, ikateremshwa ziwani mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli ya namna hiyo ina tangi lake na mabomba yake, na pembe nyingi ambazo mkono haufiki.

Hapo ndipo ubani unaposhindwa. Harufu ya tangi haikai katika maji tu, inakaa katika ule utelezi ulioshika ukuta, mfuniko na mpira wa bomba. Mtu anamwaga maji, anatia mapya, kesho yake yananuka tena, anasema ziwa limeharibika. Bure! Lazima maji yote yatoke, chombo kisuguliwe, kisha kijazwe maji yenye javeli. Kama javeli ni ile ya asilimia 5, lita 1 inatosha tangi la lita 1,000, ao mililita 20 kwa bidoni la lita 20. Fungua kila robine mpaka harufu ya javeli itoke, acha saa nne, mwaga, suuza vizuri. Hayo ni maji ya kuoshea, si ya kunywa. Na tafadhali, usichanganye javeli na siki wala ndimu ukitumaini kuongeza nguvu: mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Mpaka hapa pua imekuwa mwalimu mzuri. Sasa tuseme na upande wake mwingine, ambao ni mzito. Mdudu wa kolera, ambaye Robert Koch alimtambua mwaka 1884, hana harufu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Goma, wengi walichota maji ziwa Kivu. Yalikuwa maji meupe, pua haikuwa na la kusema. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kolera na magonjwa mengine ya kuhara. Na maji ya Kivu ndiyo yanayoteremka kwa Ruzizi, kupita kwetu.

Uvira yenyewe kolera haijawa mgeni. Watafiti walioangalia miaka ya 2009 hadi 2014 walilinganisha siku ambazo maji ya robine yalikatika na idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha kolera. Waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili. Robine ikikauka, bamama wanachukua mabidoni na kurudi ziwani, kule ambako babu alichota kwa kibuyu. Lakini babu hakuwa na mji mzima nyuma yake.

Ndiyo maana inasikitisha kusikia mtu akikataa maji yaliyotiwa klorini, eti yananuka dawa. Kipimo cha kunywa ni kidogo sana: baada ya nusu saa ibaki miligramu 0.5 hivi katika lita moja. Harufu hiyo hafifu ndiyo dalili kwamba bado kuna ulinzi ndani ya bidoni. Ikiisha kabisa, mkono mmoja mchafu unatosha kuyaharibu. Wazee walifukiza mtungi ili mnywaji asikie harufu na kujua kwamba chombo kimetunzwa. Mama anayepanda boti Uvira leo na bidoni linalonuka klorini kidogo anafanya jambo lilelile, ila abiria wenzake bado wanamkunjia uso.