Mashine ya kukatia engo: Sukuma, usivute

Na Mwandishi Wetu, Arusha

FUNDI seremala anayetumia msumeno wa mkono huhitaji dakika kadhaa kukata pembe za fremu moja ya dirisha, na mara nyingi hulazimika kuzirekebisha kwa randa. Mashine ya kukatia engo yenye kichwa kinachoteleza huikamilisha kazi hiyo kwa sekunde chache, na pembe hukutana bila mwanya.

Hata hivyo, mashine hiyo hiyo inaweza kuondoa vidole kwa muda mfupi kuliko huo. Kwa fundi wa Kaloleni, moja ya kata za katikati ya Jiji la Arusha, anayeishi kwa kutengeneza milango, vitanda na makabati, mkono ndicho kiwanda. Ndiyo maana ni muhimu kuifahamu mashine hiyo kabla ya kubonyeza swichi yake kwa mara ya kwanza.

Mashine yenyewe

Mashine hiyo ina sehemu kuu nne: meza ya duara inayogeuka kulia na kushoto, ukingo wa chuma nyuma ya meza ambao mafundi huuita fensi, kichwa chenye mota na diski ya meno, na reli ambazo kichwa huteleza juu yake kwenda mbele na kurudi nyuma.

Meza ikigeuzwa, diski hukata pembe katika upana wa ubao. Kichwa kikilazwa, diski hukata mshazari katika unene wake. Yote mawili yakifanyika kwa pamoja hupatikana mkato changamano, unaohitajika katika miguu ya viti iliyotanuka, masanduku yenye kuta za mteremko na mikanda ya kona za dari.

Mfano ni mkanda wa mbao unaokaa kati ya ukuta na dari kwa mlalo wa nyuzi 45. Ukilazwa bapa juu ya meza, kona ya kawaida ya chumba hupatikana kwa kugeuza meza nyuzi 35.3 na kulaza kichwa nyuzi 30.

Faida ya reli ni upana. Mashine isiyo na reli yenye diski ya milimita 255 hukata ubao wa takriban milimita 130 hadi 150 tu. Yenye reli huweza kufikia milimita 300, upana unaotosha kwa rafu nyingi za kabati.

Umeme kwanza

Umeme wa majumbani na karakana ndogo nchini ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine zilizotumika zinazotoka Marekani hutengenezwa kwa volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa nchini, mota yake huungua. Kibandiko kilichopo kwenye mota kisomwe kabla ya fedha kutolewa.

Mashine ya wati 1,800 huvuta karibu ampea nane, na zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Isiunganishwe kwa waya mwembamba wa taa. Waya wa kuongeza urefu ukunjuliwe wote, kwa kuwa ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto.

Jambo jingine ni umeme kukatika kazi ikiendelea. Baadhi ya mashine zina kitufe cha kufunga swichi ili ibaki imewashwa. Umeme ukirudi wakati swichi imefungwa, diski huanza kuzunguka yenyewe, pengine fundi akiwa ameshaingiza mkono kutoa kipande kilichokwama. Umeme ukikatika, swichi iachiwe na plagi ichomolewe mara moja.

Kufunga mashine

Mashine hufungwa kwa bolti nne kwenye benchi imara lisiloyumba. Kuiweka sakafuni na kuchuchumaa mbele yake ni hatari, kwani fundi hupoteza mizani na uso wake hukaribia diski. Benchi lifanye meza ya mashine iwe karibu na usawa wa kiuno.

Reli nyingi hutokeza kwa nyuma, hivyo nafasi iachwe kati ya mashine na ukuta. Kulia na kushoto kuwekwe mihimili yenye usawa mmoja na meza, uhakikiwe kwa ubao mrefu ulionyooka. Ubao unaoning'inia hujipinda unapokaribia kukatika, ukaibana diski.

Baada ya kufunga, usahihi upimwe. Namba zilizoandikwa kwenye mashine zisiaminiwe peke yake. Njia rahisi ni kuchukua ubao ulionyooka wenye kingo sambamba, kuukata katikati kwa nyuzi sifuri, kisha kukipindua kipande kimoja ili uso wake wa juu uwe chini. Vipande hivyo viegemezwe kwenye fensi na kukutanishwa tena.

Vikikutana bila mwanya, mashine iko sawa. Mwanya unaoonekana kwa juu unaonyesha kwamba fensi haiko sawa na diski. Mwanya unaoonekana kwa ubavuni unaonyesha kwamba kichwa kimelala. Katika hali zote mbili, mwanya huonyesha kosa mara mbili ya lilivyo, hivyo hata kosa dogo huonekana kwa macho.

Umuhimu wa kipimo hicho unaonekana kwenye fremu ya pembe nne, ambayo ina mikato minane. Kosa la nusu nyuzi katika kila mkato hufikia nyuzi nne fremu inapofungwa, na kona ya mwisho haikutani.

Diski inayofaa

Diski yenye meno 40 hutosha kwa kazi za kawaida, na yenye meno 60 hadi 80 hutoa mkato laini wa samani. Muhimu zaidi ni mlalo wa meno. Diski za kupasulia mbao kwa urefu zina meno yaliyoinama mbele sana, na huuma ubao kwa pupa. Kwa mashine yenye reli, diski ifaayo ni ile ambayo meno yake yamesimama wima au yameinama nyuma kidogo.

Kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya mota. Wakati wa kubadilisha, plagi ichomolewe kwanza. Katika mashine nyingi bolti ya diski hufunguka kinyume na bolti za kawaida, kwa kuzungushwa upande wa mshale wa saa. Mshale wa diski nao uelekee sawa na mshale wa mashine.

Diski ya milimita 255 ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, jino lake husafiri takriban mita 64 kwa sekunde, sawa na kilomita 230 kwa saa. Kwa kasi hiyo, umbali wa kilomita 80 kati ya Arusha na Moshi ungemalizika kwa dakika 21 hivi. Hakuna mkono unaoweza kuondolewa kwa wakati mbele ya kasi hiyo.

Mpangilio wa kukata

Ubao hulazwa bapa mezani na kugusa fensi kwa urefu wake wote, kisha hubanwa kwa klempu. Mkono ukae angalau milimita 150 kutoka njia ya diski, na mikono isipishane kamwe. Mstari wa rangi juu ya meza husaidia kuukumbuka mpaka huo.

Kwa ubao mpana, kichwa huvutwa kwanza kuelekea kwa fundi kikiwa juu na mota ikiwa imezimwa. Kisha mota huwashwa na kuachwa ifikie kasi kamili. Kichwa hushushwa polepole hadi diski iingie kwenye ubao, ndipo husukumwa kuelekea kwenye fensi. Mkato ukiisha, swichi huachiwa na diski husubiriwa isimame ikiwa bado chini. Kichwa huinuliwa baada ya hapo.

Kusukuma badala ya kuvuta kuna sababu. Meno ya chini ya diski huelekea kwenye fensi. Kichwa kikisukumwa, nguvu ya ubao hukirudisha kwa fundi, naye huushika mwendo. Kichwa kikivutwa, nguvu hiyo huungana na mkono wake: meno huparamia ubao na diski hukimbilia kifuani kwake kabla hajaweza kuizuia.

Kosa hilo huwanasa zaidi wanaoanza, kwa kuwa mkono hupenda kuvuta kitu chenye mpini. Kwa ubao mwembamba unaoweza kukatwa kwa kushusha kichwa tu, reli zifungwe.

Mbao za Meru

Sehemu ya mbao zinazotumika Arusha ni za misindano na misaiprasi, miti inayopandwa katika Shamba la Miti la Meru/Usa kwenye miteremko ya Mlima Meru, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao hizo zikiuzwa kabla ya kukauka vizuri, hasa msimu wa masika, hujipinda na kujisokota zinapokauka.

Ubao uliopinda uwekwe upande wake uliotuna ukigusa fensi. Ukiwekwa kinyume, mwanya hubaki nyuma ya mahali pa mkato, na ubao hufunga ukiibana diski. Ubao uliojisokota unyooshwe kwa randa kwanza. Mbao zilizotumika zikaguliwe misumari.

Kipande kifupi kisichoweza kubanwa kisishikwe kwa vidole. Kikatwe kutoka kwenye ubao mrefu. Kizuizi cha vipimo kiwekwe upande mmoja tu wa diski. Kikiwekwa pande zote mbili, kipande kilichokatika hunaswa na kurushwa.

Aidha, kinga ya plastiki inayofunika diski isifungwe kwa waya ili ibaki wazi. Baadhi ya mafundi huiona kuwa kero, lakini ndiyo pekee iliyo kati ya meno na mkono kichwa kinapoinuka.

Vumbi na kelele

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Barakoa ya vumbi, mfuko wa kukusanyia vumbi na karakana yenye hewa ni mambo ya lazima.

Kelele za mashine za aina hii huweza kufikia desibeli 100. Katika kiwango hicho, wataalamu wa afya kazini wa Marekani hushauri sikio lisilo na kinga lisizidishe dakika 15 kwa siku. Vizibo vya masikio na miwani ya kinga vivaliwe. Glovu zilizopwaya, mikono mirefu ya shati na minyororo ya shingoni viachwe, kwani hunaswa na diski.

Sheria na ajali

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili sehemu ya kazi, kuweka kinga kwenye mashine hatari na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, maarufu kama OSHA.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, humlipa aliyeumia kazini kutokana na michango ya waajiri. Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia, hivyo tahadhari yake mwenyewe ndiyo bima yake ya kwanza.

Ajali ikitokea, mashine izimwe na jeraha libanwe kwa kitambaa safi huku mkono ukiinuliwa. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, kwani nyama huharibika. Majeruhi na kidole chake wafikishwe hospitalini pamoja, bila kuchelewa.

Fundi anayeanza ashauriwe kutumia siku ya kwanza kukata mabaki ya mbao tu, akirudia mpangilio ule ule hadi mkono uuzoee: vuta ikiwa imezimwa, washa, shusha, sukuma, zima, subiri.