Jinsi ya kuwaandaa wafanyakazi kukabili uvamizi kazini

AGOSTI 7, 1998, magaidi walipofika nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kilichosikika kwanza ni milio ya risasi na mlipuko wa guruneti. Wengi waliokuwa katika majengo jirani waliacha meza zao wakakimbilia madirishani kuona kulikoni. Punde bomu kubwa likalipuka, vioo vikawarukia usoni. Watu 213 waliuawa jijini, maelfu wakajeruhiwa, na miongoni mwao wamo waliopofuka kwa sababu ya kuchungulia tu.

Hilo ndilo funzo la kwanza analopaswa kupewa mfanyakazi: asikiapo mlipuko au risasi, asikaribie dirisha.

Katika afisi nyingi mazoezi ya dharura huishia kwenye moto. Lakini moto na mtu mwenye bunduki ni mambo mawili tofauti. Kengele ya moto huwakusanya watu wote mahali pamoja, na mkusanyiko huo waweza kumrahisishia mvamizi kazi.

Marekani na Uingereza hufunza hatua mbili za kwanza zinazofanana. Mtu atoroke iwapo njia ni salama, aache mkoba na tarakilishi. Asipoweza, ajifiche: afunge mlango kwa ufunguo, ausukumie kabati au meza, azime taa na kunyamazisha simu, hata mtetemo wake. Hatua ya tatu Uingereza ni kuwaarifu polisi. Marekani ni kupigana, pasipo budi. Nchini Kenya nambari za dharura ni 999 na 112.

Kujificha huhitaji subira. Hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa Januari 15, 2019, watu 21 waliuawa na zaidi ya 700 wakaokolewa, baadhi yao baada ya kujifungia kwa saa nyingi. Polisi wanapofika, anayetoka ainue mikono mitupu, kwani hawawezi kumtambua mara moja mhasiriwa na mhalifu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka msimamizi wa mahali pa kazi kuandaa utaratibu wa kuwaondoa watu wakati wa dharura, na kuujaribu. Ramani iliyobandikwa ukutani bila mazoezi haitoshi.

Aidha, wanaosahaulika katika mazoezi hayo ni wafagiaji, wapishi wa chai na mabawabu, ilhali ndio wanaojua mlango upi wa nyuma hufungwa kwa kufuli na nani huweka ufunguo. Mwaka 1998, bawabu asiye na silaha ndiye aliyekataa kuwafungulia magaidi lango la ubalozi.