Uvimbe Mkongwe wa Mbwa

Msimu wa mpunga ukiingia, familia nyingi za Michenga na vijiji vingine vya bonde la Kilombero huhamia mashambani, na mbwa hufuata nyuma. Mchana anafukuza ngedere na nguruwe pori. Usiku hana wa kumfunga. Mbwa anayezurura na kupanda apendavyo ndiye mwenyeji mzuri wa saratani moja ya ajabu, uvimbe wa zinaa wa mbwa: kinundu chekundu chenye sura ya koliflawa sehemu za siri, kinachochuruzika damu, na mara nyingine hutokea puani au kwenye ngozi. Mwaka 1876 daktari wa mifugo Mrusi, Mstislav Novinsky, alikipandikiza kipande chake kwa mbwa mwingine, nacho kikaota. Mwaka 2006 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba kinachoambukiza ni seli yenyewe ya saratani. Mbwa ana kromosomu 78; seli hizi zina kati ya 57 na 64. Utafiti wa 2019, uliolinganisha sampuli 546 kutoka nchi 43, ulikadiria kwamba mbwa aliyeanza nao aliishi Asia miaka 4,000 hadi 8,500 iliyopita. Alishakufa, saratani yake bado inatembea.

Sasa, kama uvimbe wote huu ni wa ukoo mmoja, kwa nini mbwa huyu hupona kwa sindano chache za vinkristini, dawa ya saratani, na yule haponi? Darubini peke yake haitoshi kujibu. Hata kwa uvimbe mwingine wa ngozi ya mbwa, ule wa seli za masti, mfumo wa Patnaik wa 1984, unaosoma seli kwa darubini, uligawa hatari katika madaraja 3, na ubishi juu ya daraja la kati ukadumu hadi 2011, ulipopendekezwa mfumo wa madaraja 2. Mwaka 2018 watafiti walikwenda kwa njia nyingine: walikata vipande vya uvimbe wa zinaa kabla ya dawa na tena baadaye, wakasoma jeni zipi zimeamka na zipi zimelala. Katika uvimbe uliokuja kuyeyuka, jeni za kinga ziliamka mapema, kisha seli za kinga zikamiminika. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito: dalili ya mwisho wa ugonjwa haikai kwenye sura ya uvimbe, iko katika jinsi mwili unavyoujibu, na huonekana kwa anayepima mara ya pili.

Atakayesema mbwa wa Michenga hajapimwa hata minyoo, sembuse jeni, ana haki. Tena mbwa waliochunguzwa katika utafiti ule wa 2018 walikuwa wachache, na jeni za uvimbe huu haziwezi kuazimwa kuhukumia ule wa masti. Lakini kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya 2010 hadi 2015, iliyofika wilaya 28, Kilombero na Ulanga zikiwemo, ilionyesha kwamba mbwa wa vijijini wanafikika wakiitwa kituoni. Sampuli chache zinaweza kusomwa maabara; kijijini inatosha rula ya kupima upana wa uvimbe. Vinkristini huchomwa mara moja kwa wiki, na uvimbe ambao baada ya dozi kadhaa bado una upana uleule unasema kwa kuchelewa kile ambacho jeni zingeanza kukisema mapema.