Lucille Ball, Mchekeshaji Aliyemiliki Kazi Yake

Msomaji, huenda umepata kumwona mchekeshaji akiteleza na kuanguka, nawe ukacheka ukidhani kwamba kuanguka vile si kazi. Basi sikiliza habari za Lucille Ball wa Marekani.

Alizaliwa mwaka wa 1911 katika mji wa Jamestown, jimbo la New York. Hakuwa ametimiza miaka minne baba yake alipofariki kwa homa ya matumbo. Alipokuwa msichana alitiwa katika chuo cha uigizaji mjini New York, lakini walimu wake walimwona ana haya mno, wala hafai jukwaani. Akarudi nyumbani, ila hakukata tamaa. Alifanya kazi ya kuonyesha mavazi, na mwaka wa 1933 akaenda Hollywood. Huko alicheza katika filamu nyingi, lakini zilizo nyingi zilikuwa za daraja la pili, na jina lake halikuvuma sana.

Mwaka wa 1940 aliolewa na Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Kuba. Shirika la CBS lilipomtaka aigize katika televisheni, alishikilia kwamba mumewe acheze pamoja naye. Wakubwa wakasita. Je, watazamaji watamkubali mume mgeni, mwenye lafudhi ya Kikuba? Wawili hao hawakubishana sana. Mwaka wa 1950 walizunguka mijini wakiigiza jukwaani, na watu wakawapokea kwa shangwe.

Mchezo wao, I Love Lucy, ulianza tarehe 15 Oktoba 1951. Walitaka kuupiga katika filamu, kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji walioketi studioni. Gharama ilikuwa kubwa. Wakakubali kupunguziwa mshahara ili filamu ziwe mali yao. Wakati huo wachache walifikiri kwamba mchezo uliokwisha kuonyeshwa una thamani tena. Kumbe filamu hizo zingerudiwa miaka mingi, zikaleta utajiri.

Katika mchezo mmoja wa mwaka 1952, Lucy na rafiki yake Ethel wanafunga chokoleti zipitazo juu ya ukanda wa mashine. Ukanda unazidi kasi. Wanazijaza vinywani na kofiani, wasionekane wameshindwa. Mtazamaji hucheka, kwani naye amewahi kuzidiwa na kazi.

Lucille alitumaini kwamba kufanya kazi pamoja kungeilinda ndoa yao. Haikuwa hivyo, waliachana mwaka wa 1960. Mwaka wa 1962 alinunua sehemu ya Desi katika kampuni yao, Desilu, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya Hollywood. Aliiuza mwaka wa 1967, na akafariki mwaka wa 1989.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lucille aliinama, akajipaka unga na matope mbele ya watu. Lakini ulipofika wakati wa kuandikiana mkataba, alisimama wima. Nawe msomaji, ukiambiwa leo kwamba hufai, usifanye haraka kuamini.