Kila Mtoto na Ubao Wake

Aliyepita chuo cha Kurani, awe wa Muscat au wa Unguja, analijua hili: mkeka mmoja, mwalimu mmoja, na hakuna watoto wawili waliofika pahala pamoja. Huyu bado anahangaika na alif fatha a, yule yumo Juzuu Amma, mwengine ameshaikaribia Yasini. Mtoto hupeleka somo lake mbele ya mwalimu. Akilisoma sawa hupewa jingine, akikwama hurudi nalo mkekani, na mkubwa wake humsaidia. Bakora ndiyo inayosimuliwa zaidi, na si uongo, ililia kweli. Alichosoma mtoto pia hakukichagua yeye. Lakini mwendo aliushika mwenyewe, na mwalimu akamfuata.

Wanazuoni walikwishayatafakari haya zamani. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kuwa mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, kwani kumzuia kucheza ni kuuua moyo wake. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddimah ya mwaka 1377, alionya kuwa ukali wa mwalimu humfunza mtoto uongo na hila. Mwanafalsafa Rousseau alipoandika kitabu chake cha malezi, Émile, mwaka 1762, na Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma Januari 1907, kwetu sehemu ya hoja yao ya kumfuata mtoto ilikuwa na umri mkubwa. Kwa Montessori, watoto wa umri tofauti hukaa chumba kimoja na kila mmoja hushika kazi yake. Mwalimu wetu wa chuo angeuelewa mpango huo mara moja. Kilichokuwa kipya hasa ni yule mwalimu anayekaa kimya akitazama.

Mafunzo ya namna nyengine yalifika Muscat pole pole. Mwaka 1896 mmisionari wa Kimarekani Peter Zwemer aliwafungulia darasa wavulana 18 wa Kiafrika waliokombolewa kutoka utumwani. Skuli za serikali zilikuja baadaye sana, nazo zilihesabika kwa vidole: Saidiya ya Salalah mwaka 1936, ya Muscat 1940, ya Matrah 1959. Hizo tatu ndizo alizozikuta Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Oman Julai 1970, zikiwa na wanafunzi 909 na walimu 30. Msichana hakuwamo hata mmoja.

Kilichofuata kilikuwa mbio. Watoto walisomeshwa ndani ya mahema na chini ya miti, na walimu waliletwa kutoka Misri, Jordan na Sudan. Katika mbio hizo mtoto alipoteza mwendo wake. Hema limejaa, kitabu lazima kiishe kabla ya mtihani, mwalimu ni mgeni wa mkataba: utamsubiri nani? Mwalimu alisoma, darasa likaitikia. Siwalaumu walimu hao; bila ya wao wazee wetu wengi wangebaki hawajui kusoma.

Na hapo ndipo tulipoingia sisi wa Zanzibar. Wenye asili ya Oman waliokimbia Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na watoto wao, walianza kurudi Oman baada ya 1970. Walitoka kisiwa ambako skuli ya wasichana ilikuwapo tangu miaka ya 1920, kwa hiyo miongoni mwao walikuwamo wanawake waliosoma. Kiarabu cha wengi kilikuwa cha kuombea dua tu. Kiingereza chao ndicho kilichowafungulia milango: ofisi za mafuta, hospitali, benki, na madarasa.

Mwaka wa masomo 1998/99 serikali ya Oman ilianzisha Elimu ya Msingi katika skuli 17 za mwanzo: miaka kumi, kisha miwili ya juu. Madawati yakatolewa kwenye mistari na kukusanywa kwa makundi, Kiingereza kikaanza darasa la kwanza, vikajengwa vituo vya vitabu na kompyuta, na madarasa manne ya mwanzo, wavulana na wasichana pamoja, yakakabidhiwa walimu wanawake. Mwalimu aliambiwa aongoze, asihubiri. Kuanzia 1999, kwa miaka kumi, Chuo Kikuu cha Leeds kiliwasomesha upya walimu wa Kiingereza wa Oman kwa mamia. Mwaka 2014 wizara ikafungua Muscat taasisi yake yenyewe ya kuwafunza walimu walioko kazini.

Kazi ngumu iko mbele zaidi. Darasa la kwanza mtoto anaulizwa anapenda kujua nini. Darasa la kumi na mbili anaulizwa alama ngapi, kwa sababu alama hizo ndizo zinazompeleka Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos au kumwacha nje. Mzazi wa Ruwi, Muscat, anaijua hesabu hiyo kuliko mtungaji wa mtaala, na jioni humtafutia mtoto mwalimu wa tuisheni.

Zamani mwisho wa masomo haukuwa alama: neno letu kuhitimu linatokana na khitma, kuikamilisha Kurani. Kwa Waoman mtoto akifika hapo alifanyiwa taimina: alivikwa nguo nzuri, alipitishwa mtaani, na wenzake waliitikia amin. Ilifanywa siku yoyote, maana kila mtoto alikuwa na siku yake.